Christian Anfinsen na protini inayojikunja yenyewe

Yai likishachemka halirudi kuwa bichi. Ute uliokuwa laini na wa kupitisha mwanga umekuwa mweupe na mgumu, na hata ukiliacha lipoe mpaka kesho yake, ute hautayeyuka tena. Kilichobadilika humo ni protini. Kila moja ilikuwa imekunjwa kwa umbo lake. Joto likazifumua, zikashikana ovyo kama nyuzi zilizochanganyikana kwenye kapu la fundi cherehani.

Wiki iliyopita katika kipindi tulizungumzia bakteria, na kwa dakika chache tukagusia namna protini zao zinavyokunjwa ndani ya seli. Ujumbe mwingi uliingia kwenye simu ya studio. Wasikilizaji mliuliza nani anazikunja, na mtu alijuaje mambo ya ndani ya kiumbe ambaye hata macho hayamwoni. Hewani muda ni mfupi, kwa hiyo tunaliandika hapa, na tunapitia kwenye maisha ya mtu mmoja: Christian Anfinsen, Mmarekani wa asili ya Norway, aliyefariki mwaka 1995. Jina lake halitajwi sana mitaani, lakini hakuna mwanafunzi wa biolojia ya seli anayemaliza masomo bila kulisoma.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1916 huko Monessen, mji mdogo wa viwanda vya chuma katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, na baba alikuwa mhandisi wa mitambo. Baadaye familia ilihamia Philadelphia. Kijana alisoma Swarthmore College, akacheza mpira wa Kimarekani pamoja na masomo, akamaliza mwaka 1937. Miaka miwili baadaye alipata shahada ya pili ya kemia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Mwaka huohuo wa 1939 alipata ufadhili wa kwenda Copenhagen, Denmark, kufanya kazi katika Maabara ya Carlsberg. Ndiyo, Carlsberg ileile ya bia. Mwenye kiwanda alianzisha maabara hiyo mwaka 1875 ili kuelewa uchachushaji, na ikaja kuwa moja ya maabara kubwa za kemia ya viumbe hai duniani. Wakulima wanaopimiwa udongo na kuambiwa pH yake ni 5 au 6 wanatumia kipimo kilichobuniwa humohumo mwaka 1909. Anfinsen alikwenda kujifunza njia mpya za kuchunguza protini, hasa vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini. Hakukaa sana. Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Denmark, na kijana akalazimika kurudi kwao.

Alikwenda Harvard, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1943 kwa utafiti juu ya vimeng'enya vya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Kisha vita vilimwingiza kwenye jambo ambalo sisi huku hatuhitaji kuelezwa: malaria. Mwaka 1942 Japani ilikuwa imekamata kisiwa cha Java, ambako sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilikuwa inatoka. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wanapigana katika visiwa vyenye mbu, na dawa ilikuwa adimu. Serikali ikakusanya wanakemia na madaktari kutafuta njia nyingine. Anfinsen na wenzake pale Harvard walichunguza kimelea cha malaria cha nyani ili kujua kinakula nini na kinahitaji nini ili kikue kwenye chupa nje ya mwili. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1946. Kazi hiyo haikumpa umaarufu, na wengi wanaosimulia maisha yake huiruka. Sisi tumeona tuitaje, kwa kuwa tunaandika kwa watu wanaolala ndani ya chandarua.

Mwaka 1950 aliajiriwa katika Taasisi ya Taifa ya Moyo huko Bethesda, karibu na Washington, ambayo ni sehemu ya taasisi za afya za serikali ya Marekani. Aliyemwita ni daktari James Shannon, ambaye naye wakati wa vita alikuwa kwenye utafiti wa dawa za malaria. Hapo Bethesda ndipo Anfinsen alipofanya kazi iliyomfanya akumbukwe.

Shanga 124

Kabla hatujaendelea, tuelewane protini ni nini. Watu wengi tukisikia protini tunafikiria maharage, samaki na maziwa. Hiyo ni kweli, lakini ndani ya mwili protini ndiyo mfanyakazi. Hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu ni protini. Insulini ni protini. Kimeng'enya cha mate kinachoanza kumeng'enya ugali kabla hujaumeza ni protini.

Kila protini huanza kama mnyororo, mfano wa uzi wa shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, na zipo za aina 20. Maagizo ya shanga ipi itangulie na ipi ifuate yameandikwa kwenye vinasaba. Seli inatunga uzi huo shanga moja baada ya nyingine, halafu uzi unajikunja na kuwa donge lenye umbo maalumu, lenye mifuko na mikono. Uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni lile umbo ndilo linaloshika oksijeni au kukata wanga. Umbo likikosewa, kazi hakuna, na mara nyingine badala ya faida yanakuja madhara.

Sasa swali la Anfinsen lilikuwa hili. Maagizo ya vinasaba yanataja mpangilio wa shanga tu. Hayataji umbo. Basi umbo linatoka wapi? Je, kuna kitu kingine ndani ya seli, kama kalibu ya tofali, kinachoifinyanga protini? Au umbo limo tayari ndani ya mpangilio wa shanga?

Alichagua protini moja ndogo, ribonyukliasi, inayotoka kwenye kongosho la ng'ombe. Kazi yake ni kukatakata RNA iliyomo kwenye chakula. Ilimfaa kwa sababu mbili. Kwanza ilipatikana kwa urahisi: kampuni ya nyama ya Armour, iliyokuwa na makongosho ya kumwaga kutoka machinjioni, ilisafisha kiasi kikubwa na kuwagawia wanasayansi. Pili ni fupi, shanga 124 tu. Mpangilio wake wote ulikuwa unachambuliwa wakati huohuo na William Stein na Stanford Moore huko New York.

Ndani ya shanga hizo 124 kuna nane za aina iitwayo sistini, zenye salfa. Sistini mbili zikikutana zinaweza kufungana, kama kifungo na tundu lake kwenye shati. Ribonyukliasi iliyokamilika ina vifungo vinne vya namna hiyo, na kila sistini ina mwenzake maalumu.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa, na mkulima ana kimojawapo cha vifaa vyake stoo. Anfinsen na wenzake waliiweka ribonyukliasi ndani ya maji yenye urea nyingi sana. Ni urea ileile ya mbolea ya kukuzia mahindi, ila safi ya maabara. Urea ikiwa nyingi namna hiyo hulegeza mikunjo yote ya protini. Pamoja nayo waliweka kemikali nyingine yenye harufu kali inayofungua vifungo vya salfa. Protini ikafumuka yote, ikawa uzi unaoelea. Wakaipima: haikati RNA hata kidogo.

Kisha wakaondoa vitu vyote viwili taratibu na kuiacha protini kwenye maji yenye hewa. Hakuna kalibu iliyowekwa. Hakuna seli, hakuna ng'ombe, hakuna msaidizi yeyote. Baada ya saa kadhaa wakaipima tena, wakakuta inakata RNA karibu kama ile ya mwanzo. Uzi ulikuwa umejikunja wenyewe na vifungo vinne vimerudi kila kimoja mahali pake.

Mtu mbishi angeweza kusema ni bahati. Tuhesabu basi. Sistini ya kwanza ina wenzake saba wa kuchagua. Wawili hao wakishafungana, inayofuata ina watano wa kuchagua, kisha watatu, kisha anabaki mmoja. Zidisha 7 kwa 5 kwa 3 na utapata njia 105 za kufunga vifungo hivyo, na ni moja tu iliyo sahihi. Kwa bahati tupu, protini moja kati ya 105 ndiyo ingepatia.

Anfinsen na daktari kijana Edgar Haber walilijaribu hilo pia. Safari hii waliacha vifungo vifungane wakati protini bado imo ndani ya urea, yaani bado imelegea na haijui pa kwenda. Vikafungana ovyo, na uwezo wa kufanya kazi ukawa takriban asilimia 1, kama hesabu inavyotaka. Halafu wakaondoa urea na kuongeza tone dogo la ile kemikali ya kufungua vifungo, ili waliokosea wapate nafasi ya kuachana na kutafuta wenzao. Baada ya saa kama 10 protini ilikuwa imejirekebisha. Kwa maoni yetu jaribio hili la pili ndilo zuri zaidi, kwa sababu linaonyesha protini iliyoharibika ikirudi njia sahihi bila kuelekezwa na mtu.

Jibu likawa wazi: umbo limo ndani ya mpangilio wa shanga. Katika mazingira ya kawaida ya seli, uzi huteremka kwenye umbo lililo tulivu kuliko yote, kama maji yanavyoteremka bondeni. Kazi hiyo ilichapishwa kati ya mwaka 1957 na miaka ya mwanzo ya 1960, na waliotajwa pamoja naye ni Haber, Fred White na Michael Sela, aliyekuwa ametoka Taasisi ya Weizmann ya Israeli.

Saa 10 ni nyingi mno

Hapa ndipo tunapomheshimu Anfinsen zaidi. Alikuwa na jibu zuri, lakini aliona tundu lililokuwemo. Kwenye chupa ribonyukliasi ilihitaji saa nyingi kujikunja sawasawa. Seli hai inatunga na kukunja protini kwa dakika chache. Kiumbe hawezi kungoja saa 10 kila anapohitaji kimeng'enya.

Akaanza kutafuta kinachoharakisha. Mwaka 1963 yeye na wenzake Robert Goldberger na Charles Epstein walipata kwenye ini la panya kimeng'enya kinachofungua vifungo vya salfa vilivyokosewa na kuviruhusu vifungane upya. Ukikiongeza kwenye chupa, saa zinageuka dakika. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeonyesha kwamba protini hujikunja yenyewe ndiye aliyepata mmoja wa wasaidizi wa kwanza wa kukunja protini. Msaidizi huyo haijui protini itakuwa na umbo gani. Anaondoa kikwazo tu.

Alifanya kazi pia kwa protini ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, yule anayesababisha majipu na vidonda vyenye usaha. Ina shanga 149 na haina kifungo hata kimoja cha salfa. Ukiifumua na kuiachia, inarudi kwenye umbo lake kwa chini ya sekunde moja. Protini ndogo, peke yake, kwenye maji safi: hakuna tatizo.

Mwaka 1972 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, na nusu nyingine wakagawana Stein na Moore. Mwaka uliofuata mhadhara wake ulichapishwa katika jarida la Science, na mpaka leo unasomwa.

Kungwi ndani ya bakteria

Lakini ndani ya bakteria si maji safi. Chukua Escherichia coli, anayeishi kwenye utumbo wa karibu kila mmoja wetu. Katika kila lita ya umajimaji wake kuna gramu zaidi ya 300 za protini na molekuli nyingine kubwa. Ni msongamano wa stendi ya mabasi siku ya kuamkia Krismasi. Kila sekunde mashine zake za kutunga protini zinaongeza shanga kama 15 hadi 20 kwenye kila uzi, na bakteria mwenyewe, akishiba, anagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi.

Katika msongamano huo uzi mpya una hatari. Baadhi ya shanga zake ni kama mafuta, hazipendi maji. Protini ikishakunjwa, shanga hizo hujificha katikati. Kabla haijakunjwa ziko nje, na zikikutana na za jirani zinanatana. Hapo ndipo unapata donge lisilofaa, sawa na ute wa yai lililochemshwa. Bakteria akiwa na madonge mengi namna hiyo atakufa.

Dalili ya kwanza ya msaidizi wa bakteria ilipatikana mapema katika miaka ya 1970, wakati Anfinsen anapokea tuzo yake, ingawa wakati huo hakuna aliyeziunganisha habari hizo mbili. Mgiriki Costa Georgopoulos, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa anatafuta bakteria wasioweza kushambuliwa na kirusi fulani cha bakteria. Akapata waliokuwa na hitilafu ya kinasaba kimoja. Kirusi kiliingia ndani yao na protini za kichwa chake zikatengenezwa, lakini zilibaki madonge, kichwa hakikuundika. Kinasaba hicho kiliitwa groE. Tena bakteria hao wenye hitilafu walishindwa kukua vizuri joto likipanda. Kirusi kilikuwa kinaazima msaidizi ambaye bakteria anamhitaji kwa ajili yake mwenyewe.

Wasaidizi hawa wanasayansi huwaita shaperoni. Neno hilo zamani huko Ulaya lilikuwa la mwanamke mtu mzima anayefuatana na binti ili asiingie kwenye makundi mabaya. Ron Laskey wa Cambridge alilitumia mwaka 1978 kwa protini moja ya mayai ya chura, na mwaka 1987 John Ellis, Mwingereza aliyechunguza mimea, akalipanua liwe jina la kundi zima. Sisi Waswahili tuna neno letu lililo karibu zaidi na kazi yenyewe: kungwi, au somo. Kungwi hukaa na mwali ndani, mbali na watu, mpaka wakati wake. Hamchagulii tabia wala sura, na harusi ikipita, yeye hahamii kwa mwali.

Bakteria ana makungwi wa ngazi tatu hivi. Wa kwanza hukaa mlangoni kabisa mwa mashine ya kutunga protini na kuupokea uzi unapochungulia. Protini nyingi ndogo hazihitaji zaidi ya hapo. Wa pili anaitwa DnaK. Yeye hushika vile vipande vya uzi visivyopenda maji, akaviachia, akashika tena, akisaidiwa na wenzake wawili, na kila mzunguko hutumia nishati ya seli.

Wa tatu ndiye GroEL, yule wa kinasaba cha Georgopoulos, na huyu ana chumba kabisa. Ni pete mbili zilizowekwa kitako kwa kitako, kila pete ya vipande saba, jumla 14. Katikati ya kila pete kuna uwazi. Protini ambayo haijakunjika hunasa kwenye ukingo wa uwazi huo. Kisha nishati ya seli inafika, pamoja na kifuniko kinachoitwa GroES, nacho cha vipande saba. Kifuniko kikishuka, kuta za chumba hubadilika: mwanzo zilikuwa za kunatisha, sasa zinapenda maji. Protini inaangukia ndani, peke yake, mlango umefungwa. Ina kama sekunde 10 za kujikunja bila jirani wa kunatana naye. Kifuniko kikifunguka inatoka. Kama haijawa sawa, inarudishwa ndani tena.

Kati ya protini za E. coli, ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu zinazopitia chumba hicho. Lakini miongoni mwake zipo ambazo bila hizo bakteria hawezi kuishi, ndiyo maana ukiondoa kinasaba cha groE kabisa, bakteria hufa. Joto likipanda, tuseme mpaka nyuzi 42, bakteria huongeza haraka sana utengenezaji wa GroEL na DnaK, maana protini zilizokuwa zimekunjwa zinaanza kulegea. Hata binadamu ana jamaa wa makungwi hawa kwenye seli zake. Mwaka 1989 Arthur Horwich wa Yale na Franz-Ulrich Hartl wa Ujerumani walionyesha kazi hiyohiyo ikifanyika ndani ya mitokondria ya hamira.

Wapo waliosema kwamba makungwi hao wamemfuta Anfinsen. Sisi hatuoni hivyo. Chumba cha GroEL ni kimoja kwa protini za maumbo mengi tofauti, kwa hiyo hakiwezi kuwa kalibu. Kinachotoa umbo bado ni ule mpangilio wa shanga. Chumba kinazuia ajali tu.

Dawa ya sukari

Kwa nini mkulima wa mahindi ajali haya? Tutatoa mfano mmoja. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu insulini ya binadamu iliyotengenezwa na E. coli. Kabla ya hapo insulini ilitoka kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Bakteria akipewa kinasaba cha insulini anaitunga kwa wingi, lakini mara nyingi anazidiwa, makungwi wake hawatoshi, na insulini inakaa ndani yake kama madonge. Viwandani wanayatoa madonge hayo, wanayafumua kwa urea au kemikali nyingine ya kazi hiyo, kisha wanaiacha insulini ijikunje upya na vifungo vyake vya salfa vifungane sawasawa. Ni kazi ileile ya Bethesda, ila kwa mapipa.

Na kwa kuwa insulini ni protini, inaweza kuharibika kama ute wa yai. Ndiyo sababu ya masharti mnayopewa kliniki. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoanza kutumika kwa kawaida hukaa wiki nne hivi nje ya friji, mahali pa baridi na kivuli. Iliyoganda barafu hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana salama. Isiachwe juani, wala kwenye kioo cha mbele cha gari. Watafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, wakaliiga joto hilo maabara, kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha insulini ilibaki na nguvu yake. Hiyo ni habari njema kwa kijiji kisicho na umeme, lakini usibadilishe utunzaji wa dawa yako kabla ya kuongea na mhudumu wako wa afya.

Miaka ya mwisho

Anfinsen hakukaa maabara tu. Alipenda sana kusafiri kwa mashua ya tanga. Aliingia kwenye kamati ya haki za binadamu ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na mwaka 1981 alisafiri hadi Argentina, iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, kuwatetea wanasayansi waliofungwa na waliopotezwa. Ndoa yake ya kwanza, iliyompa watoto watatu, ilivunjika mwaka 1978. Mwaka uliofuata alioa tena, na akaingia dini ya Kiyahudi.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 66, umri ambao wengi wamestaafu, alianza upya kama profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore. Alichagua kuchunguza vijidudu vinavyoishi kwenye maji yanayokaribia kuchemka, chini ya bahari, kwenye nyufa za volkano. Kimoja chao kinastawi kwenye nyuzi 100 hivi, joto ambalo yai limeiva kabisa. Alitaka kujua protini zao zimekunjwa vipi hata zisifumuke. Tunapenda kwamba alimalizia hapo, kwa sababu ni swali lilelile la yai, limegeuzwa tu.

Mwishoni mwa mwaka 1994 Horwich na Paul Sigler na wenzao walichapisha picha ya kwanza kamili ya chumba cha GroEL, pete mbili na uwazi wake. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Mei 1995, Anfinsen alifariki Maryland kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 79.

Kuanzia mwaka 2020 programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold imeweza kukadiria umbo la protini nyingi ikipewa mpangilio wa shanga pekee, na waliosimamia kazi hiyo, Demis Hassabis na John Jumper, walikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Programu hiyo inatoa umbo la mwisho. Haionyeshi njia ambayo uzi uliipita mpaka kufika hapo, wala protini ipi itahitaji kuingia chumbani kwa kungwi na ipi itajikunja mlangoni, na hayo bado yanatafutwa maabara kwa bakteria halisi.